Prefe Aliyetwanga Sombe

Ukifika Kasongo leo ukamuulizia Prefe wa shule, yaani mkuu wake, watakuonyesha kijana mmoja mwenye miwani na pikipiki mpya. Simsemi huyo. Namsema Prefe wetu, aliyekuwa jirani yangu kwa miaka mingi, ua wa matete tu kati ya nyumba yake na yangu. Kazi aliiacha, jina halikumwacha. Hata watoto ambao hawakusoma kwake, ukiwatajia Prefe, wanakuuliza, "Yule aliyekuwa anatwanga sombe?" Ndiye huyo, wa majani ya muhogo kwenye kinu.

Mimi wananiita Mama Feza. Nauza mandazi karibu na lango la shule, na kabla hujaniuliza, ndiyo, mandazi, yaleyale aliyoyapiga vita. Mume wangu alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, shimo likamfunika, na tangu siku ile mambo mengi yananipita bila kunigusa. Watu wanasema nina moyo mgumu. Si mgumu, umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nalisema mapema ili usinishangae nikikueleza haya bila machozi.

Nilipomfahamu, Prefe alikuwa mtu wa tumbo. Namaanisha tumbo la cheo, lile linalomtangulia mtu mlangoni. Asubuhi alisimama barabarani, motari akaja na pikipiki yake, akamchukua hadi shuleni, ingawa ukisimama kibarazani kwake unaliona paa la shule. Hakuna aliyeshangaa. Prefe atembee kwa miguu, amekuwa nani? Jioni mkewe alimwekea bukari, ugali wa muhogo, mlima mzima, nyama ikiogelea kwenye mawese, na chai ya sukari nyingi. Wapita njia walimwona amekaa akipumua baada ya kula, wakamsifu mke. "Mama Prefe anajua kutunza bwana." Huku kwetu mwili wa mwanaume ndio unaosema habari za mke wake. Akinenepa, mke ni mwema. Akikonda, watu wanaanza kumtazama mke.

Kisha akaanza kunywa maji bila kutosheka, na sisimizi wakaanza kukusanyika nyuma ya choo, pale alipozoea kukojoa. Mama Prefe ndiye aliyewaona. Aliniita kwenye ua akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Feza, wadudu hawa wanafuata nini pale?" Nikamwambia ampeleke hospitali. Daktari akampima damu, akasema ni sukari. Akamwambia atembee kila siku, apunguze bukari, nusu ya sahani iwe majani, chai ainywe bila sukari, na vidonge ameze vinapopatikana. Vidonge vilipatikana gari lilipofika, na gari la huku hufika likitaka. Kwa hiyo yakabaki miguu na sahani.

Nianze na miguu. Usidhani alipenda kutembea. Alikichukia kilima cha kwenda shule, akakitukana kila asubuhi, nilimsikia. Mara moja nilimcheka, nikamwambia, "Prefe, leo umekuwa mwanamichezo." Akasimama, mikono kiunoni, jasho linamtoka hadi kwenye tai.

"Mie si mwanamichezo, Mama Feza. Mie ni mutu anaogopa kufa."

Tuna vijana hapa wanaofanya spoti Jumamosi asubuhi. Wanakimbia barabarani kwa nyimbo na firimbi, halafu wanakaa kwenye mishikaki na bia mpaka jua linazama. Prefe aliwatazama wakipita, akasema, "Wale wanakimbilia bia." Yeye hakuwa na saa ya mazoezi, na hakuitaka. Alisema mtu akijiwekea saa ya mazoezi, siku ya mvua ataiacha, siku ya msiba ataiacha, na mwisho ataisahau. Aliyaficha mazoezi ndani ya kazi ambazo lazima zifanyike. Mtu kama yeye ana watu wengi wa kutuma, akaacha kutuma. Chumvi alikwenda kununua mwenyewe sokoni. Mwalimu akiwa na neno, hakumwita ofisini, alimfuata darasani. Walimu walilia sana juu ya hilo, maana zamani ukimaliza kuandika ubao ulikuwa unaweza kukaa kidogo, na sasa kichwa cha Prefe kilikuwa dirishani wakati wowote. Jumapili baada ya misa alikwenda shambani kwake, kwenye njia ya Lusangi, jembe begani, suruali imekunjwa mpaka magotini.

Na maji. Kwenye chemchemi huwa ni wanawake na wasichana. Prefe alishuka na bidoni mbili, akazijaza, akapanda nazo, moja kila mkono. Hakubeba kichwani. Aliulizwa kwa nini asibebe moja tu. Akajibu, "Bega la pili litaona wivu." Wasichana walicheka mpaka wakamwaga maji yao. Mie niliyekuwa nyuma yake nikamwambia kwamba hiyo anayoiita dawa sisi tunaifanya tangu tuko watoto, na hakuna daktari aliyetupongeza.

"Ni kweli," akasema. "Miguu yako haina neno. Lakini jioni weye unakula nini?"

Jioni nilikula mandazi yaliyobaki, na chai. Alijua, maana kupitia ua wa matete hakuna siri. Kesho yake aliniletea mbegu za lengalenga, mchicha wetu, kwenye karatasi, akanionyesha pale nyuma ya jiko ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagika bure. Nilizipanda. Usiseme alinishawishi. Nilichoka kumsikia.

Bukari kwake ilikuwa ukubwa wa ngumi yake iliyofungwa. Aliweka ngumi kando ya sahani mbele ya wageni, akalinganisha, mkewe akitamani kujificha. Kando yake majani, lengalenga au sombe au matembele, mawese kidogo ya kung'arisha tu. Samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe, au maharage. Baada ya hapo papai. Mchele wetu wa Kasongo aliupenda kuliko kitu chochote, nao akaupangia siku yake, na siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha anapokula.

Kwenye nyumba za watu ndiko kulikuwa na kazi. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemtukana, na ukila kidogo umemwambia mke wake hajui kupika. Prefe alipata njia yake. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru sana, akakaa katikati ya watoto. Alikula taratibu huku akiongea, na kila akinyoosha mkono, tonge moja lilikwenda kwake, mengine yakaingia midomo ya watoto. Jirani zetu Waislamu walimwalika Idi, akamaliza sahani kubwa ya pilau kwa namna hiyo, na mama mwenye nyumba akamsifu kwamba amekula kama mwanaume. Mtu huyo ndiye aliyefukuza wanafunzi shule wakisema uongo. Nilimkumbusha. Akasema huo si uongo, ni adabu.

Alikuwa mtu wa vitu vinavyogongana. Aliwaambia watu unene wao hadharani, hata msibani, mbele ya wafiwa. Aliogopa sindano kama mtoto, mkewe alikuwa anamshika mkono. Na sukari hakuiacha moyoni hata siku moja. Kila asubuhi alisimama kwenye beseni langu, akainama.

"Mama Feza, nipe harufu."

"Harufu tu?"

"Harufu haina sukari."

Nilifungua kitambaa, akavuta pumzi, akafumba macho, akaondoka. Wanafunzi wakaona ni ukichaa wa wakubwa. Mimi nilimwona mtu anayetamani kitu na kukiacha kila siku ya Mungu, na nikamheshimu, ingawa alinitia hasara kwa kuwaambia watoto wanunue karanga kwa jirani yangu.

Sasa kinu. Mama Prefe aliumia bega. Sombe bila kutwanga hailiki, na binti zao wote walikwisha kuolewa mbali. Prefe alikuja jioni moja akamkuta anatwanga kwa mkono mmoja, akachukua mchi. Aliniambia baadaye kwamba alitwanga kidogo tu, akahisi mabega, tumbo, mapaja, vyote vinafanya kazi, na akajiuliza wanaume waliachaje kitu kizuri namna hii kwa wanawake. Tangu siku hiyo kila jioni, akitoka shuleni, alivua shati akabaki na singileti, akatwanga. Aliifanya dawa na mboga kwa wakati mmoja. Alijivunia hilo kuliko diploma yake.

Mlio wa kinu chake haukuwa kama wa mwanamke. Ulikuwa mzito, na ulikatika ovyo. Watu walikuja kusimama kwenye ua wangu kuchungulia. Hakuna mwanaume anayegusa kinu huku. Mwanaume anayetwanga huku mke wake yuko hai, tena amekaa pembeni anachambua majani, huyo amefungwa kwa dawa. Hawasemi anasaidia. Wanasema amepewa kitu.

Na tumbo lilikuwa linaondoka. Kwanza suruali zikaingia kwa fundi, halafu mashavu yakaanguka, shingo ikawa nyembamba kwenye kola. Yeye alifurahi. Kichwa hakikumuuma tena, maji alikunywa kama watu, na pale nyuma ya choo sisimizi hawakuonekana tena. Daktari alimpima akampa mkono. Lakini watu hawakuwa na kipimo cha daktari. Walikuwa na macho, na waliona Prefe anakonda na anatwanga sombe.

Neno lenyewe sikulisikia siku moja. Lilikuja kidogo kidogo. Sokoni mwanamke mmoja aliniuliza kama bado nakula kwa Mama Prefe. Mwingine alikataa maji yake. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Kisha wakaacha kumsalimia. Ukipita kwetu bila kusalimiwa, ujue umekwisha kuhukumiwa, na neno lenyewe ni sumu. Huku tunaiogopa kuliko bunduki, ile sumu ya polepole inayommaliza mtu akiwa anatembea. Mama Prefe alirudi kutoka chemchemi, akaweka bidoni chini, akaniambia, "Leo hata watoto."

Habari zilifika Kabambare. Kaka mkubwa wa Prefe, yaya yake, alikuja na wajomba wawili, pikipiki mbili, vumbi hadi kwenye nyusi. Walipomwona mdogo wao mlangoni, yule yaya alishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Alilia kwa kweli. Lazima niseme hivyo, maana baadaye nilimchukia, lakini siku ile niliona mtu aliyekuja kumwokoa ndugu yake.

Waliita kikao, nami nikaitwa kama jirani. Tulikaa sebuleni. Mama Prefe alikaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango. Yaya alitoa picha ya zamani, Prefe na tumbo lake siku ya sikukuu ya shule, akaiweka mezani.

"Huyu ndiye tulimuachia muke wake. Huyu tunayemukuta leo ni nani?"

"Ni mie, yaya," akasema Prefe. "Niko muzima kuliko pale. Ni ugonjwa wa sukari. Daktari alisema nikonde."

"Daktari gani anatuma mutu akonde? Tangu lini?"

"Muulizeni mwenyewe, hospitali iko pale."

"Mashini ya hospitali haioni sumu," akasema mjomba mmoja, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Na kinu, mutoto wangu? Daktari alisema na kinu?"

Prefe akajieleza, mabega, moyo, mapaja. Kadiri alivyoeleza, ndivyo walivyotikisa vichwa. Mtu mwenye akili yake hatetei kinu namna ile. Wakanigeukia. Nikawaambia niliyoyaona, sisimizi, hospitali, ngumi ya bukari. Nikawaambia mwanamke huyu hana kosa. Walinishukuru vizuri sana, na hawakuniamini, kwa sababu mimi ni mwanamke na nakula kwake.

Wakatoa neno lao. Prefe aende nao Kabambare kwa mganga atapishwe sumu, na mwanamke arudi kwao. Mama Prefe alikuwa anavuta uzi kwenye mkeka, anauvuta na kuurudisha.

Akili ya Prefe ilikuwa inatembea, niliiona. Akikataa kwenda, watasema amefungwa, na mke atabaki na jina. Akienda akanenepa kule, itakuwa ushahidi kwamba huku alikuwa anauawa. Na mwanamke mwenye jina la sumu akirudi kwao, anakwenda na jina lake. Hakuna atakayekula mkononi mwake mpaka afe.

"Yaya," akasema, "munataka mwili? Nitawapa mwili. Lakini nitaupatia hapa, kwa chungu cha huyu. Atapika yeye mwenyewe, nitakula akinitolea yeye mwenyewe. Mukirudi baada ya mavuno ya mpunga mukinikuta vile nilikuwa kwenye picha, mutasema nini?"

Wazee wakatazamana. "Tutasema mwanamuke ni safi," akasema yaya. "Na mutu akisema kingine, mie mwenyewe nitamujibu."

"Basi."

Ndipo Mama Prefe alipofungua mdomo. "Hapana," alisema. "Afazali niende." Wazee walikuwa wamekwisha kuinuka.

Niliona yote yale, na ndani yangu palikuwa kimya. Nilirudi nyumbani nikakanda unga wa kesho.

Kwanza alijaribu kuudanganya mwili. Akala karanga, avoka, samaki wengi, akitumaini kuvimba bila sukari. Alipata kidogo tu, mashavu yakajaa, tumbo halikurudi, nayo miezi ilikuwa inakwenda. Ndipo akarudi kwenye mlima wa bukari, nyama na mawese. Kinu kilinyamaza. Asubuhi motari akaja tena mlangoni, akamsalimia kwa furaha kama mtu aliyerudi safari. Barabarani wakamwambia, "Prefe, sasa unapendeza." Na siku moja akasimama kwenye beseni langu, nikafungua kitambaa kama kawaida. Hakuinama. Alinyoosha mkono.

"Nipe ya kula."

"Prefe."

"Nipe, Mama Feza. Mpunga uko karibu."

Alikula amesimama, haraka, macho kwenye barabara. Mtu aliyekuwa akivuta harufu kwa miaka, nilidhani atafurahia hata kidogo. Alikula kama anayemeza vidonge.

Mama Prefe alikuwa anapika na kulia, na kupika. Alisema, "Ananiomba niongeze mafuta. Nisipoongeza ananigombeza." Prefe akaanza tena kunywa maji usiku na mchana. Sisimizi walirudi, na mkewe alikuwa akiwafagia alfajiri kabla mtu hajawaona.

Walikuja mpunga ulipokwisha kuanikwa. Prefe aliwapokea kibarazani amekaa, tumbo kwenye mapaja yake. Yaya alicheka kwa sauti, akampigapiga tumboni kama mtu anayepima jungu, akaingia ndani akamshika Mama Prefe mikono. "Shemeji, utusamehe. Tulikosea. Weye ni muke wa kweli." Walichinja mbuzi, wakaita kata nzima, na wale wanawake waliokuwa wanakataa maji yake wakanyoosha sahani. Aliwapakulia wote. Mimi nilikula pia. Nyama ilikuwa nzuri.

Prefe alimwambia mkewe kesho yake kwamba sasa amemaliza, waanze upya, ngumi na majani na kilima. Alianza kweli. Lakini miguu yake ilikuwa imepoteza hisia wakati wa unene ule, na kwenye njia ya shamba alikanyaga kitu, sijui msumari sijui kisiki, akatembea nacho mpaka nyumbani bila kujua. Kidonda hakikutaka kufunga. Kilikuwa kidole, kikawa unyayo, na hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Macho nayo yakaanza kufifia. Shule ikapata Prefe mwingine. Yaya alikuja kumchukua wakae Kabambare, karibu na ndugu, naye Mama Prefe akamfuata. Ua wa matete ukaoza, na wapangaji wapya hawakuusimamisha.

Mwaka huu shangazi wa marehemu mume wangu alifariki Kabambare, nikaenda msibani. Baada ya mazishi nilimuulizia Prefe, wakanionyesha nyumba bila kufikiri.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja chini, upande wa pili wa suruali umefungwa fundo. Alikuwa amekonda tena. Nikasema hodi, akageuza uso upande ambao sikuwapo.

"Hiyo sauti ya mandazi," akasema.

Nikakaa. Tuliongea habari za Kasongo, kilima, chemchemi, nani amezaa, nani amekufa. Hakuniuliza kama namuhurumia, na sikumwambia. Mwishowe nikamuuliza lile nililokuja nalo. Nikamuuliza kama anajuta.

Alifikiri. "Nilihesabu vibaya," akasema. "Nilijua mwili utakasirika. Sikujua utakasirika haraka hivi." Akajipapasa goti. "Lakini ile siku, pale kwenye mkeka, ulimuona? Ulikuwepo."

"Nilimuona."

"Basi usiniulize tena, Mama Feza."

Mama Prefe akatoka jikoni na sahani mbili. Yangu ilikuwa ya mgeni, bukari na kuku. Ya mumewe aliiweka mapajani mwake, akamshika mkono akauweka juu ya chakula ajue kilipo. Ilikuwa lengalenga tupu karibu sahani nzima, isiyong'aa mafuta, kipande cha samaki, na kando bukari ndogo kama ngumi. Aliiweka hapo nje, mchana, mbele ya njia, watu wanapita. Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni alipita, akatazama sahani, akasema, "Jambo, mama!" na Mama Prefe akaitikia.

"Hawasemi kitu?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Waseme nini?" akanijibu. "Mie ni safi. Nikimupikia hata majani ya porini, hakuna wa kuniuliza."

Yaya alitokea nyuma ya nyumba na jembe lake. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za msiba, akatupa macho kwenye mapaja ya mdogo wake. Aliyaona yale majani. Aliona na mbavu zilizotokeza kwenye singileti. Akatabasamu kwa upendo wote wa dunia.

"Kula, mudogo wangu," akasema. "Muke wako anajua kupika."

Kitu kikanipanda. Nilikuwa nimekisahau, nikachelewa kukitambua. Ilikuwa hasira. Nilitaka kuinuka na kumpigia kelele mzee yule mbele ya njia yote, nikaiweka sahani chini. Machozi yakaja nayo, mengi, ya mguu ule na ya lile shimo la Salamabila pamoja, na sikuwa na nguvu ya kuyazuia.

"Amina, yaya," akasema Prefe, akatafuta mdomo wake kwa tonge.